Makofi Matatu, Kimya, Kofi Moja

Nilisikia makofi kabla sijaliona jengo. Yalikuwa matatu ya haraka, kisha kimya cha kama pumzi mbili, kisha kofi moja la taratibu, kama mtu anayefunga kitabu kilichomchosha. Dereva wa bodaboda alikuwa amenishusha kwenye geti la shule na kuzima pikipiki ili apanguse kioo cha kofia yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya viazi pande zote mbili za njia, nami sikuweza kujua sauti ile inatoka upande gani. Nilisimama nimekumbatia mkoba. Makofi yakarudi: matatu, kimya, moja.

"Mwalimu, umesahau kitu?" dereva akauliza.

Nikamwambia sijasahau kitu.

"Sasa mbona umeganda? Leo mlima umekataa kuamka, lakini shule ipo. Fuata tu huo ua wa miti."

Niliganda kwa sababu makofi yale niliyabuni mimi. Kila aliyepita shule ya msingi nchini anajua kwamba madarasa yetu yana makofi ya kila namna: ya pongezi, ya kuchangamsha, ya kumkaribisha mgeni. Haya ya kwangu yalikuwa ya mtoto aliyejibu vibaya. Niliyatunga miaka minane iliyopita, nikiwa mwanachuo wa ualimu kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya Suma, mbali na njia hii ya Isongole. Matatu ya kumshukuru kwa kujaribu, kimya cha kumpa nafasi ya kufikiri, moja la kumwambia akae. Nilifundisha pale wiki nane, nikaondoka. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumfundisha makofi hayo.

Nilifuata ua. Safari hii nilikuja kama mkufunzi. Baada ya kukabidhi tasnifu yangu ya uzamili, chuo kidogo cha Tukuyu kilichonilea kilinipa kazi ya muda. Chuo hicho huchukua vijana wa vijiji vya hapahapa, huwafunza ualimu, kisha huwarudisha kwenye vijiji hivyohivyo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka shuleni, kukaa nyuma ya darasa nikiwa na fomu ya tathmini, na kumpa kila mwanachuo alama zake. Asubuhi ile nilikuwa nimewahi kwa nusu saa.

Dirisha la darasa la nne halikuwa na kioo. Nilichungulia. Walikuwamo watoto wapatao arobaini, wameketi wima, na mbele yao ubao uliofutwa vizuri. Mwalimu hakuwepo. Nilidhani nimekosea, nikatazama tena pembe zote za chumba. Mwalimu hakuwepo, na bado somo lilikuwa linaendelea. Darasa lote lilikaa kimya kwa muda ambao swali lingechukua kuulizwa. Kisha mikono ikanyooshwa pamoja. Kisha mtoto mmoja akasimama na kujibu, "Maji yakichemka hutoa mvuke," akaketi. Kimya kingine kikafuata, kirefu zaidi, cha swali refu zaidi. Halafu msichana aliyekaa karibu kabisa na dirisha, ambaye ningeweza kumgusa bega, akasimama na kusema kwa sauti iliyo wazi, "Ukungu ni moshi unaotoka mlimani."

Makofi matatu. Kimya. Kofi moja. Msichana akaketi.

Maneno hayo nayo yalikuwa yangu. Hata pumzi aliyovuta kabla ya neno "moshi" nilimfundisha mtoto mwingine aivute, miaka minane iliyopita.

"Shikamoo, madam." Mwanachuo wangu alikuwa anakuja mbio kutoka ofisini, amebeba sufuria, chupa ya chai na sahani ya bati, zana zake za kufundishia. Ni binti wa Ikuti, mrefu, mwenye sauti ya kwaya.

"Marahaba. Hao watoto wanafanya nini?"

"Wanajikumbusha, madam."

"Wanajikumbusha somo ambalo hujalifundisha?"

Akacheka kidogo, akatazama sahani yake. "Wana hamu tu, madam."

Nikaenda kukaa nyuma. Somo lilikuwa zuri, na ni lazima niseme hivyo kwa haki. Alimimina maji ya moto kwenye sufuria, akaifunika kwa sahani, kisha akaigeuza sahani, akawaonyesha matone. Aliuliza, walijibu. Kila swali lake liliingia katika kimya nilichokwisha kukisikia dirishani, likakijaza sawasawa, kama mguu katika kiatu chake. Fomu yangu ina mstari unaosema: namna mwalimu anavyoshughulikia majibu yasiyo sahihi. Mstari huo una uzito kuliko yote, na asiyeonyesha jambo hilo hawezi kupata daraja la juu, hata awe mahiri namna gani. Hapo ndipo msichana wa dirishani aliposimama, akavuta pumzi, akasema ukungu ni moshi unaotoka mlimani. Mwanachuo akamsikiliza kwa upole, akaongoza makofi, akamrudisha kwenye sahani yenye matone, na msichana akajirekebisha: "Ukungu ni matone madogo sana ya maji yanayoelea hewani."

Mkono wangu uliandika alama za juu kabisa. Nakumbuka niliutazama ukiandika.

Baada ya kipindi nilimwomba andalio la somo. Alinipa daftari lake, na ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, ambayo nadhani hakukusudia niione. Ilikuwa fotokopi iliyotolewa katika fotokopi nyingine, herufi zimenenepa na kuanza kushikana. Nilitambua mwandiko wangu kabla ya kusoma neno. Pembeni, mahali ambapo niliandika kwa penseli kwa nia ya kufuta, maneno yalikuwa meusi kama mengine yote: *Mmoja akosee. Akae dirishani aonekane. Achaguliwe mpole.*

Nilikuwa nimeyafuta kabla ya kukabidhi andalio lile chuoni. Mtu alitoa nakala kabla ya ufutio wangu, na mashine ya fotokopi haijui tofauti ya penseli na wino.

"Umeipata wapi?"

Aliona hakuna pa kukimbilia. "Kwa dada wa mwaka jana, madam. Naye alipewa na dada wa mwaka juzi. Bwenini tunaliita Somo la Ukungu. Wanasema ukifundisha hilo, hakuna mkaguzi wa kukufelisha."

"Nani aliliandika?"

"Mtu wa zamani. Wengine wanasema alikwenda mbali sana kusoma." Akapunguza sauti. "Wengine wanasema alishafariki. Ndiyo maana halijaandikwa jina."

Nikamrudishia karatasi. Nafasi ya kusema ilikuwepo pale, pana kabisa, nami nikaipita kama mtu anayepita mlango wa ofisi asiyotaka kuingia.

Wakati wa mapumziko nilimkuta msichana wa dirishani kwenye kibaraza cha darasa, anakula kiazi cha kuchemsha kwa uangalifu, akirudisha maganda mfukoni. Nilimsalimia, nikamwuliza kama anapenda sayansi.

"Napenda."

"Ukungu ni nini?"

Alinitazama kama fundi aliyeulizwa jambo la kazi yake nje ya saa za kazi. "Niseme la kwanza au la pili?"

"Unalolijua."

"Mimi ndiye wa kukosea," akanieleza kwa subira. "Tangu darasa la pili. Wakija walimu wa chuo, mimi ndiye. Mwalimu anapata maksi kwa sababu yangu."

"Na wasipokuwepo walimu wa chuo?"

Akafikiri. "Mgeni anaweza kuja wakati wowote," akasema.

Nilimwomba daftari lake la hesabu. Majibu yalikuwa mabaya ukurasa kwa ukurasa, yamezungushiwa wino mwekundu na mwalimu wake wa kila siku. Nikalielekeza kwenye mwanga, maana karatasi ilikuwa imekwaruzika. Chini ya kila jibu lililokosewa palikuwa na kivuli cha jibu jingine, lililofutwa kwa ufutio. Nilisoma vivuli sita. Vyote sita vilikuwa sahihi.

Nikapiga picha kurasa mbili, sijui kwa nini mbili na si zote, nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Ni mtu wa Singida, aliyehamishiwa hapa Januari, mcheshi, anayefundisha akiwa na koti kubwa. "Karibu madam, karibu chai. Huku kwenu mtu anavaa koti mpaka kwenye picha ya pasipoti." Nikanywa. Nikamwuliza habari za msichana wa dirishani.

"Ah, yule." Uso wake ukatulia. "Yule tunamsaidia. Tumemwombea nafasi kwenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, huko mjini, cha bweni. Mtaalamu alikuja mwezi uliopita kumpima. Hakupata hata swali moja. Hata rangi za kalamu alizitaja vibaya."

"Mtaalamu alikuwa mgeni?"

"Mgeni ndiyo, kutoka halmashauri. Ijumaa asubuhi bibi yake anakuja hapa kuweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, na Jumatatu ijayo mtoto anaondoka. Bibi mwenyewe hataki. Wanaishi wawili tu. Lakini nimemwambia, mama, tukimwacha hapa ataharibikiwa."

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na picha kwenye simu, na fotokopi ingeweza kupatikana hatua thelathini kutoka tulipoketi. Nilitia sukari ya pili kwenye chai ambayo tayari ilikuwa tamu, nikamshukuru, nikaondoka.

Ningependa kueleza kwa usahihi kilichonizuia, kwa sababu kwa siku nne sikufanya jambo lingine ila kujieleza mwenyewe. Kwanza, sikuwa na uhakika. Mtoto anaweza kufuta jibu sahihi kwa sababu nyingi, na majibu sita si ushahidi. Pili, mwanachuo wangu angeanguka, na kuanguka kwake kungekuwa kurudia mwaka. La tatu ndilo lililokuwa la kweli, na haya mawili yalikuwa mapazia yake. Tasnifu yangu inahusu majibu yasiyo sahihi kama ngazi ya kujifunza. Sura ya kwanza inaanza na kisa cha mtoto mmoja wa Suma, ambaye asubuhi moja ya ukungu, bila kutarajiwa, alisimama dirishani na kusema ukungu ni moshi. Nimeandika hivyo: *bila kutarajiwa*. Walimu wangu walikipenda kisa hicho kuliko takwimu zote zilizofuata. Kama somo lile lilipangwa, basi shahada yangu imejengwa juu ya sentensi ya uongo, nami ndiye pekee niliyejua.

Nikajiuliza pia kuhusu mtoto wa Suma. Nilikaa nusu siku nikijaribu kukumbuka uso wake. Nilikumbuka sweta lake, lililofumuka mkononi. Nilikumbuka jinsi nilivyomwambia, "Wewe ni mpole, utafaa," na jinsi alivyofurahi kuchaguliwa. Sikukumbuka kama nilirudi kabla ya kuondoka kumwambia kwamba kazi imekwisha. Nadhani sikurudi. Nani humwambia mtoto jambo kama hilo?

Jumatano nilitumwa Ikuti. Migomba ilikuwa imelowa, na njia ya shule inapita katikati yake, kwa hiyo nilisikia darasa muda mrefu kabla ya kulifikia. Matatu. Kimya. Moja. Mwanachuo wa huko alikuwa mwingine kabisa, mfupi, mwenye kigugumizi cha woga, na somo lake lilikuwa la mazao ya biashara. Hata hivyo, palikuwa na mtoto dirishani. Alisimama na kusema chai huchimbwa ardhini kama viazi, katika wilaya ambayo mtoto anajifunza kutembea katikati ya michai. Wenzake hawakucheka. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko jambo lolote: watoto arobaini, jibu la kuchekesha, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Walikuwa wanasubiri zamu yao ya kupiga makofi.

Kuanzia siku hiyo sikuweza kupita karibu na shule. Tukuyu mvua hunyesha karibu kila siku, na bomba la maji ya mvua kwenye nyumba niliyopanga lilikuwa na tabia ya kudondosha matone kwa mafungu. Nililifunga kwa kitambaa. Nilijua ni bomba tu, na bado nikalifunga.

Alhamisi jioni nilimfuata mwanachuo wangu bwenini. Alikuwa anapiga pasi sketi. Nilimwambia kwamba somo lile nililiandika mimi, na kwamba nitaieleza shule.

Aliacha pasi ikae kwenye kitambaa mpaka nikalazimika kuinyanyua. "Kumbe upo," akasema. Halafu: "Mimi nitarudia mwaka?"

"Nitaomba nikutathmini upya, kwa somo lako mwenyewe. Darasa ambalo halijafanyiwa mazoezi."

"Na wakikosea kwelikweli, madam, nitafanyaje?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kwa sababu miaka miwili ya mafunzo haikuwa imempa jibu. Niligundua kwamba hata mimi, na shahada zangu mbili, ningeanza kwa kubuni makofi.

Ijumaa asubuhi nilisimama kwenye kibaraza cha chuo na simu mkononi. Mwalimu mkuu alisema bibi angefika saa tatu. Saa tatu kasorobo nilitafuta namba ya mwalimu mkuu. Saa tatu kamili nilikuwa bado ninaitazama. Nilipanga sentensi, nikaibomoa, nikaipanga upya kwa kuanza na neno "huenda". Ukungu ulikuwa umefika kwenye mlingoti wa bendera na kuufuta katikati, bendera ikabaki juu peke yake. Nilibonyeza saa tatu na dakika sita.

"Madam wa chuo," akapokea, "umetuwahi. Tuko hapa na bibi, wino tayari. Shida?"

"Naomba asiweke dole."

"Kwa nini?"

"Yule mtoto hana tatizo la akili. Alifundishwa kukosea."

Akajibu kwa sauti ya ofisini: "Madam, hilo ni neno zito. Ngoja niweke spika, bibi naye asikie. Haya. Alifundishwa na nani?"

Nilikuwa nimepanga kusema *kuna utamaduni miongoni mwa wanachuo*. Hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa tayari mdomoni.

"Na mimi," nikasema. "Si kwa mdomo wangu, sikuwahi kukutana naye. Nilipokuwa mwanachuo niliandika somo, nikapanga mtoto mmoja akosee ili nipate alama. Karatasi ile imekuwa ikizunguka chuoni. Wanachuo wanaokuja kwenu wametumia karatasi hiyo miaka mitatu, na wamemtumia yeye. Akiona mgeni, yeye anakosea, maana ndiyo kazi aliyopewa. Fungua daftari lake la hesabu, liweke kwenye mwanga, utazame chini ya majibu."

Nilisikia kiti kikisogezwa, hatua, mlango, sauti ikiita darasa la nne. Nikabaki na pumzi ya bibi kwenye simu.

"Mugonile, mama," nikamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ee, ndaga," akaitikia. Kiswahili chake kilikuja polepole, kikikanyaga kwa uzito wa Kinyakyusa. "Nyumbani anahesabu ndizi zangu za kuuza sokoni. Hakosei. Nimewaambia. Wanasema bibi anapenda mjukuu, ndiyo maana." Kisha akauliza: "Wewe ndiye wa karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuja wewe mwenyewe?"

Nikasema nitakuja leo hii. Akaguna, mguno ambao haukuwa wa kukubali wala wa kukataa, kisha mwalimu mkuu akarudi, na nilisikia kurasa zikigeuzwa moja baada ya nyingine, muda mrefu. Hakusema alichokiona. Alisema tu, "Huyu hapa. Ongea naye."

"Hujambo," nikasema.

"Sijambo." Sauti ileile iliyo wazi.

"Unanikumbuka? Niliyetazama daftari lako."

"Wewe mgeni."

"Mimi ndiye niliyeandika ile kazi ya kukosea. Imekwisha. Kuanzia leo hakuna wa kukosea."

Alifikiri. Nilikisikia kimya chake, na nilikitambua urefu wake, na kwa mara ya kwanza sikujua kitakachofuata. "Mwalimu wangu hatapata maksi," akasema.

"Maksi zake si mzigo wako. Ni wangu. Nikikuuliza sasa, ujibu unalolijua. Usiseme la kwanza, wala la pili. Ukungu ni nini?"

Mahali fulani nyuma yake darasa jingine lilikuwa linasoma kwa pamoja. Alivuta pumzi, na ilikuwa pumzi niliyoijua.

"Ni maji," akasema. "Bibi akitoka kufungua mbuzi asubuhi, yanakaa kwenye nywele zake. Nikimpangusa, mkono unalowa."

Hakuna aliyepiga makofi.